Gari Lililommisi Yusuf

Jumamosi ya Nuria ilianza na foleni ya maji. Aliweka mtungi wake nyuma ya mitungi ya wenzake kwenye kioski cha maji cha Mashimoni, Kibera, akapiga soga na rafiki yake Adero hadi zamu yake ikafika, kisha akaubeba hadi nyumbani akipumzika njiani. Alifagia ua, akawasha jiko la makaa, akainjika chai. Wakati huo mama yake alikuwa ameshaketi barazani kwenye cherehani, anashona madera ya watu. Trrr, trrr, trrr. Ukiisikia cherehani hiyo, ujue nyumba ina amani.

Lakini Januari ile ya mwaka wa tisini na tano, amani ya Jumamosi ilikuwa fupi. Chai ikishanyweka tu, utasikia hodi langoni, na Mzee Khamala huyo anaingia na mfuko wake wa spana, amekuja kwa miguu kutoka Kawangware.

"Habari ya hapa, Mama Yusuf?" aliuliza kwa sauti kubwa, maana alikuwa nusu kiziwi. Sikio lake la kushoto liliuawa na kelele za injini miaka mingi iliyopita, na la kulia lilisikia likitaka.

"Nzuri, fundi. Karibu," mama alijibu. Kisha akaacha kushona.

Aliacha kwa sababu alijua kinachofuata. Pembeni mwa ua, chini ya turubai, kulikuwa na gari la Yusuf.

Yusuf alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yake Nuria, na fundi kijana katika gereji ya Mzee Khamala. Gari hilo alilipata likiwa mkebe mtupu, halina injini wala viti. Akalijenga upya ili akashindane nalo kwenye mbio za vumbini. Injini aliichonga mwenyewe. Alipanua silinda zake nne, akafunga kabureta mbili pahali pa moja, akapinda mabomba ya moshi kwa mikono yake. Liliponguruma mara ya kwanza, watoto wa Mashimoni walikuja mbio wakidhani ndege imeanguka. Yusuf alicheka mpaka akashika mbavu.

Hakuwahi kushindana. Mwezi wa Agosti uliotangulia kifua kikuu kilimuua. Alikuwa amekohoa kwa miezi, akisema ni vumbi la gereji tu, na alipokubali kwenda hospitali mapafu yalikuwa yamekwisha.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Gari lile likiwashwa likiwa baridi, lilinguruma vizuri. Likishapata moto, lilianza kukohoa. Pu-pu... kimya... pu. Pu-pu... kimya... pu. Na hivyo hivyo, bila kuzidi wala kupungua, ndivyo Yusuf alivyokuwa akikohoa nyuma ya ukuta wa chumba chake. Ukimwona mama anaziba masikio kwa kitambaa alichokuwa akishona, usimshangae. Hata mimi ningeziba.

Mzee Khamala aliliwasha ili injini isishikwe na kutu. Jumamosi ya kwanza lilipokohoa, aliweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa na kusema neno moja tu.

"Inamisi."

Nuria alirudi nyuma hatua moja. Kwa watoto wa Kibera, kumisi ni kumkumbuka mtu hadi roho ikauma. Adero aliporudi kutoka kwao Siaya baada ya Krismasi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nuria! Nilikumisi mbaya!" Kwa hiyo gari nalo lilikuwa linammisi Yusuf. Lilikuwa linamwita.

"Inammisi nani, Mzee?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Eh? Silinda moja inaruka zamu," Mzee Khamala alijibu, hakusikia vizuri. "Ziko nne, kila moja na zamu yake ya kupiga. Moja ikiruka, injini inamisi. Sisi tujue tu ni ya ngapi. Kuja hapa, binti. Hii si injini ya kawaida. Kaka yako ameichonga kwa mbio, inatikisika yote hata ikiwa nzima. Mkono wangu hauwezi kujua. Inataka masikio, na masikio yangu unayajua. Utanikopesha yako."

Akampa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine karibu na injini. Akamfundisha. Nambari moja ni silinda ya mbele, karibu na rejeta, na nambari nne iko nyuma. Yeye atavuta waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mishikio ya mpira. Akivuta waya wa silinda inayofanya kazi, injini italalamika na kushuka sauti. Akivuta wa silinda iliyolala, injini haitajali.

Alivuta wa kwanza. Injini ililalamika. Wa pili, ikalalamika. Wa tatu, haikujali, wala haikubadilika. Wa nne, ikalalamika. Hata mtoto wa chekechea angejua ni ya tatu.

Lakini Nuria hakuondoa mpira sikioni. Ndani ya lile pengo, kati ya pu na pu, alikuwa anamsikia kaka yake. Alikumbuka jinsi Yusuf alivyokuwa akimaliza kukohoa, akachungulia mlangoni, akaweka kidole mdomoni: "Nyamaza, Nuria. Usimwambie Mama." Na asubuhi mama alipouliza, "Nuria, umemsikia kaka yako akikohoa usiku?" yeye alijibu, "Sijasikia kitu, Mama." Alijibu hivyo mara nyingi. Neno hilo alikuwa amelibeba peke yake tangu Agosti, na hakuna aliyelijua.

Ikitengenezwa, aliwaza, kikohozi kitaisha. Kikohozi kikiisha, Yusuf atakuwa ameenda kabisa.

"Haya, binti. Ni ya ngapi?"

"Ya kwanza," alisema Nuria.

Mzee Khamala aliamini. Kwa nini asiamini? Alizima injini, akafungua plagi ya mbele, akaitazama, akakuna kichwa. Plagi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, rangi ya silinda yenye afya. Hata hivyo aliweka mpya. Gari likakohoa. Jumamosi iliyofuata alibadilisha waya, akauliza tena, Nuria akajibu tena, "Ya kwanza." Akafungua valvu za silinda ya kwanza, akazipima upya, na gari likakohoa vile vile. Plagi za nyuma hakuzigusa, kwa sababu ili kuzifikia ilibidi kufungua mabomba yale ya Yusuf, na za nini kufungua mabomba wakati masikio mazuri yamesema ni ya kwanza?

Kioskini watu walianza kunong'ona.

"Nuria, ni ukweli gari yenu ina jini?" Adero aliuliza. "Watu wanasema fundi wa Kawangware amebadilisha kila kitu na bado inakohoa kama marehemu."

"Achana na hiyo maneno," Nuria alijibu kwa ukali. Lakini alipofika nyumbani alilipita lile turubai mbio, bila kuligeukia. Jambo alilotaka kulihifadhi lilikuwa limeanza kumtisha mwenyewe.

Mama alikonda. Alikuwa akipika na asile. Cherehani ikawa inalala siku nzima, madera ya watu yakabaki vipande. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, alimwita Nuria.

"Ramadhani inaandama wiki hii," alisema. "Siwezi kufunga na sauti ile uani kwangu. Adhuhuri wenye chuma chakavu wanakuja kulikata gari. Nenda Kawangware umwambie Mzee Khamala asisumbuke tena. Mwambie nimeshukuru."

"Mama, walikate?"

"Nenda, Nuria."

Nuria alikwenda huku machozi yakimtoka. Alipita mtaa wa Olympic, akavuka barabara ya Ngong, akateremka hadi Kawangware bila kujua alipoweka miguu. Kitu pekee alichokijenga kaka yake duniani kingekatwa vipande kabla ya jua kupinda.

Gereji ya Mzee Khamala ilikuwa uwanja wazi wenye ardhi nyeusi kwa oili. Siku nyingine ungekuta miguu yake tu ikichungulia chini ya pikapu. Siku hiyo alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, spana zake zote zimefungwa kwenye gunia. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yake, anambembeleza.

"Nimekwambia nenda kwa fundi mwingine," Mzee Khamala alimwambia. "Mimi nimefunga kazi."

Mteja alipoondoka, Nuria alisogea upande wa sikio la kulia. "Mzee, umefunga kazi kwa nini?"

"Kwa nini? Gari ya mwanafunzi wangu mwenyewe imenishinda. Silinda moja, binti! Nimeifungua, nimeifunga, sioni ugonjwa. Ama nimezeeka, ama ni jini kweli. Yote ni mamoja. Fundi asiyejua anachofanya ataua watu barabarani." Alitazama mikono yake. "Bora niache mapema."

Nuria alitamani ardhi immeze. Mzee huyu aliazima masikio ya Nuria kwa imani, naye Nuria akamdanganya. Kumbe uongo wake haukuwa umekaa uani Kibera. Ulikuwa umevuka barabara ukaja kumfungia mzee gereji.

"Si ya kwanza," alisema.

"Eh?"

"Si ya kwanza, Mzee!" alipaza sauti. "Ni ya tatu! Tangu siku ile nilijua ni ya tatu. Nilikudanganya."

Mzee Khamala alisimama. Uso ulimwiva kwa hasira. "Wewe mtoto! Wiki zote hizi nalala nikijiita mpumbavu! Unanichezea? Nilikukosea nini?"

"Niliogopa ikipona, Yusuf ataenda!" Nuria alilia kwa sauti hadi mafundi wa jirani wakageuka. "Wewe ulisema inamisi! Na mimi nilimsikia akikohoa, Mzee. Alipokuwa hai nilimsikia kila usiku. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Mama akiniuliza nilisema sijasikia kitu."

Hasira ya mzee ilishuka. Alikaa tena juu ya tairi, akapangusa uso kwa kitambaa chenye grisi, grisi ikabaki shavuni.

"Hata mimi alinidanganya," alisema taratibu. "Alikohoa hapa hapa, akasema ni vumbi. Na mimi masikio haya..." Akagusa sikio lake la kushoto. "Hilo la kaka yako utamwambia mama yako mwenyewe. Si la kuniambia mimi. Lakini hili la silinda..." Alinyanyuka, akafungua gunia. "Beba hizo spana, twende. Adhuhuri haitungoji."

Walipofika Kibera, mkokoteni wa wenye chuma chakavu ulikuwa tayari langoni, na wanaume wawili walikuwa wanavuta turubai. Mama alikuwa barazani, amewapa mgongo.

"Mama, waambie wangoje!" Nuria alipiga kelele. "Hakuna jini. Mimi ndiye niliyemdanganya fundi."

Akaeleza yote. Sauti ilitetemeka, lakini hakusimama katikati. Alipofika kwenye usiku ule na kidole cha Yusuf mdomoni, mama alishika nguzo ya baraza.

"Ulikuwa unamsikia?" aliuliza.

"Nilikuwa namsikia, Mama."

Nuria aliona mabega ya mama yakipanda na kushuka. Kisha mama akawageukia wale wanaume. "Ngojeni kwanza," akawaambia.

Mzee Khamala alifungua mabomba, akatoa plagi ya silinda ya tatu, akaiweka kwenye kiganja cha Nuria. "Ina rangi gani?"

"Nyeupe. Kama majivu."

"Basi imesema yenyewe. Ikiwa ya chai, silinda ni nzima. Ikiwa nyeusi, inakunywa petroli kupita kiasi. Ikiwa nyeupe hivi, inavuta hewa isiyokuwa yake. Kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Sasa tumtafute huyo mwizi."

Walirudisha kila kitu, wakaliwasha gari, wakangoja lipate moto. Pu-pu... kimya... pu. Mama alifumba macho lakini hakuondoka. Mzee Khamala alichovya kidole kwenye oili, akaipaka pole pole pale kabureta ya nyuma inapokutana na injini. Nuria aliweka mpira sikioni. Alisikia sauti nyembamba ya kufyonza, fsss, halafu oili ilipofika pembeni mwa chini, ile sauti ilikatika na injini ikapiga mapigo yake yote kwa muda mfupi. Oili ilipofyonzwa, kikohozi kikarudi.

"Hapo!" alisema Nuria. "Mzee, ni hapo hapo!"

"Una hakika?"

"Nina hakika. Sikudanganyi."

Mzee Khamala alizima injini, akafungua kabureta. Katikati ya vyuma viwili, pahali pa gasketi ya kuzuia hewa isipenye, Yusuf alikuwa ameweka kipande cha katoni alichokata kwa mkasi. Joto lilikuwa limekikausha kikapasuka. Injini ikiwa baridi ufa ulijibana, ikipata moto ukafunguka, na hewa ikaingia. Huyo ndiye jini wa Mashimoni, ufa usiotosha hata kupitisha ukucha.

Nuria aliigeuza ile katoni. Upande wa pili kulikuwa na nusu ya picha ya kiatu cheusi cha shule, na saizi yake, namba tatu.

"Mama! Ni lile boksi la viatu vyangu! Nililitafuta nyumba nzima, Yusuf akasema panya wamelihamia!"

Mama alilichukua, akalitazama, akaanza kucheka. Alicheka huku analia, na Nuria akacheka na kulia naye. Wale wenye chuma walitazamana, wakaona hapa hakuna biashara, wakausukuma mkokoteni wao wakinung'unika.

Mzee Khamala alitoa karatasi ya gasketi yenyewe, akaiweka juu ya kabureta, akampa Nuria nyundo ndogo. "Gonga ukingoni pole pole, itajikata yenyewe. Usiwe na haraka. Kaka yako alikuwa na mikono ya dhahabu, lakini haraka ilimshinda." Nuria aligonga mpaka vidole vikamuuma. Ilipofungwa, waliliwasha gari na kulituni, yaani kuzilinganisha kabureta. Aliweka mpira kwenye kabureta ya mbele, akasikiliza, kisha ya nyuma, naye mzee akazungusha skurubu kidogo kidogo kwa bisibisi, mpaka kabureta zote mbili zikavuta pumzi kwa sauti moja.

Injini ilitulia. Ilinguruma bila kuruka hata mara moja. Walingoja ipate moto sana, na bado ilinguruma.

Nuria aliutoa mpira sikioni. "Haimmisi tena," alisema.

Mama alimvuta karibu. "Nuria mwanangu, gari halijui kummisi mtu. Sisi ndio tunammisi, na tutaendelea. Lakini nisikilize. Ulipokuwa unamsikia kaka yako, wewe ulikuwa mtoto, na mtu mzima ndiye aliyekwambia unyamaze. Mzigo ule haukuwa wako, na leo nimekutua. Huu wa fundi ulikuwa wako, na umeutua mwenyewe." Alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Yusuf alificha kikohozi, na ugonjwa unaotibika ukamuua. Wewe ukaficha cha injini, karibu tulikate gari lake na kumpoteza fundi. Ugonjwa ukifichwa haukai pale ulipofichwa, unakula ndani kwa ndani. Ukisikia kitu kibaya, sema. Hata ukiambiwa unyamaze. Hata kama sauti inatetemeka kama ya leo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Wiki ijayo tutakwenda zahanati, mimi na wewe, tukapimwe kifua. Tulikuwa tunaogopa. Sasa basi."

Mzee Khamala alikuwa anapanga spana guniani. "Na wewe, binti, Jumamosi ijayo uje Kawangware. Kuna pikapu inamisi, na mimi masikio yangu unayajua."

"Umefungua kazi tena?"

"Nani alikwambia niliifunga?" aliuliza mzee kwa ukali, na wote watatu wakacheka.

Mama alirudi barazani. Alitandaza kitambaa, akaingiza uzi, na cherehani ikaanza, trrr, trrr, trrr, wakati gari la Yusuf linanguruma uani bila kuzimwa. Baada ya kitambo alipaza sauti bila kuinua kichwa.

"Nuria! Unasikia nini hapo?"

Nuria aliinama juu ya injini, akasikiliza kwa makini kabla ya kujibu.

"Nazisikia zote nne, Mama," alisema. "Na wewe nakusikia."